Usisubiri Mwili Useme: Mwongozo Kamili wa Magonjwa ya Zinaa, Kinga na Vipimo

Dada mmoja alikuja kliniki na bahasha ya kaki iliyojaa pakiti tupu za dawa. Alizipanga mezani moja moja: siprofloksasini, kisha amoksilini, kisha siprofloksasini tena, na kidonge kingine ambacho jina lake lilishafutika. Kwa miezi minane alikuwa akitibiwa "UTI sugu". Kila akimaliza dozi anapata nafuu kidogo, halafu maumivu ya chini ya kitovu yanarudi. Nilimuuliza kama mumewe amewahi kupimwa. Akanishangaa. "Yeye haumwi, nesi. Mgonjwa ni mimi." Alipofika hospitali kubwa yenye kipimo cha vinasaba, jibu likawa klamidia. Mume naye alikuwa nayo, na hakuwahi kuhisi hata muwasho.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu kama hao wawili. Magonjwa mengi ya zinaa hukaa mwilini kimya: hayaumi, hayawashi, hayatoi harufu. Mtu aliyezoea kwenda hospitali pale tu mwili unapolalamika atachelewa, na wakati anachelewa anaambukiza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 kulitokea maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne tu ya zinaa, yaani kaswende, kisonono, klamidia na trikomona, kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Ni zaidi ya milioni 1 kila siku, na yote manne yana dawa ya kuyamaliza.

Hatua ya 1: Yajue kwa familia zake

Kwanza kuna yale yanayotibika yakaisha kabisa. Kaswende, ambayo wazee waliiita pia sekeneko, husababishwa na bakteria. Kisonono, mtaani gono, ni bakteria pia, na klamidia vivyo hivyo. Trikomona ni kijidudu cha aina nyingine, lakini nacho kina dawa. Pangusa, ile ya vidonda laini vyenye maumivu makali, siku hizi inaonekana kwa nadra kuliko zamani.

Kisha yale ya virusi: VVU, homa ya ini aina B, malengelenge ya sehemu za siri, na virusi vya papiloma, ambavyo kwenye mabango ya chanjo huandikwa HPV. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyoleta masundosundo, na aina zake nyingine husababisha saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania. VVU na homa ya ini B hudhibitiwa kwa dawa. Malengelenge hutulizwa. Virusi vya papiloma mara nyingi mwili huviondoa wenyewe, ila kwa baadhi ya wanawake hubaki kwa miaka na kuanza kuharibu chembechembe za mlango wa kizazi.

Njia kuu za kuambukizana nazo kwa ngono ni za aina mbili, na ukizielewa utaielewa kinga. VVU, homa ya ini B, kisonono, klamidia na trikomona hupita kwenye majimaji ya ukeni, shahawa au usaha. VVU na homa ya ini B hupita pia kwenye damu. Kaswende, malengelenge na virusi vya papiloma hupita ngozi kwa ngozi, kidonda kwa ngozi, hata pale ambapo kondomu haikufunika. Ngono ya mdomo na ya njia ya haja kubwa zimo pia, kwani kisonono kinaweza kukaa kooni na mtu asijue. Mama naye anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito au kujifungua.

Choo hakimo. Najua wengi tumelelewa tukiambiwa tusikalie choo cha watu, lakini kisonono, klamidia na kaswende haviishi kwenye sinki vikimsubiri mtu. Tego la mume mwenye wivu nalo halimo. Imani hizi mbili zimewachelewesha watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mmoja akinunua dawa ya kusafishia choo, mwingine akienda kwa mganga, na ugonjwa ukiendelea na safari yake.

Hatua ya 2: Usome mwili, lakini usiutegemee

Mwanamume mwenye kisonono kwa kawaida huanza kuungua akikojoa na kutoa usaha kati ya siku 2 na 7 baada ya kuambukizwa. Huyo huja mwenyewe, hata usiku. Shida ni mwanamke aliyelala naye, ambaye ana uwezekano wa kama nusu kwa nusu wa kutohisi lolote. Kwenye klamidia hali ni ngumu zaidi, maana wanawake wengi walionayo hawana dalili hata moja, na wanaume wengi ni vivyo hivyo.

Kaswende ndiyo inayodanganya kuliko zote. Wiki kama 3 baada ya kuambukizwa, wakati mwingine mapema au hadi miezi 3, hutokea kidonda kigumu kisichouma. Kinaweza kuwa kwenye uume, kwenye mashavu ya uke, mdomoni, au ndani kabisa kwenye mlango wa kizazi ambako mwanamke hawezi kukiona. Baada ya wiki 3 hadi 6 kinapona chenyewe, dawa au bila dawa. Mtu aliyepaka majani ya mti fulani atayasifu majani hayo maisha yake yote. Wiki kadhaa baadaye vinaweza kutokea vipele mwilini, hata kwenye viganja na nyayo, navyo vinaondoka. Halafu kimya cha miaka. Inaporudi inaweza kuwa kwenye moyo, kwenye ubongo au machoni. Dalili zikiondoka bila tiba sahihi, hesabu kwamba ugonjwa bado upo.

Hapa kwetu kuna majina yanayofunika ugonjwa. Mwanamke akiumwa chini ya kitovu anaambiwa ana chango. Mwanamume akiumwa korodani au kinena anaambiwa ana ngiri. Akivimba tezi za kinena ni mtoki, basi. Sipuuzi majina ya wazee, ila maumivu hayo kwa mwanamke yanaweza kuwa maambukizi yaliyopanda hadi kwenye mirija ya uzazi, na mirija ikishapata makovu huja ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi.

Na UTI. Maambukizi ya njia ya mkojo ni ugonjwa wa kweli, tena wanawake wanaupata sana, na hauhitaji ngono ya kando ili utokee. Lakini umekuwa jina la heshima la kila kitu kinachowasha au kuungua. Ukitibiwa UTI mara mbili na dalili zikarudi, usikubali dozi ya tatu bila kupimwa magonjwa ya zinaa. Kwa upande mwingine, si kila uchafu ukeni ni wa zinaa. Fangasi huleta uchafu mzito kama maziwa mgando na muwasho mkali. Bakteria wa kawaida wa ukeni wakizidiana huleta majimaji ya kijivu yenye harufu ya samaki. Na ukiwa umekulia Pemba, Unguja, Shinyanga au popote penye kichocho cha mkojo, mtajie mhudumu kwamba ulikuwa ukioga au kulima kwenye madimbwi. Kichocho kinaweza kukaa kwenye mlango wa kizazi na kuleta uchafu, maumivu na damu baada ya tendo. Wapo wasichana waliosingiziwa umalaya kwa ugonjwa walioupata wakichota maji.

Nenda hospitali leo hii, usingoje kesho, ikiwa una maumivu makali ya ghafla ya korodani. Maumivu ya chini ya tumbo pamoja na homa. Au maumivu ya tumbo huku siku zako zimechelewa. Mtoto mchanga anayetoa usaha machoni naye ni wa leo, kwa kuwa kisonono kinaweza kumpofusha.

Hatua ya 3: Chagua siku ya kupima

Watu wengi huja asubuhi inayofuata usiku wa hatari. Nawaelewa, hofu hailali. Lakini kipimo kinahitaji muda wa kuona kitu. Kati ya kuambukizwa na kipimo kuweza kugundua kuna siku ambazo wataalamu huziita kipindi cha matazamio. Jibu hasi ndani ya kipindi hicho halitoshi kukutuliza.

Kisonono na klamidia, kwa kipimo cha vinasaba, subiri kama wiki 2. VVU kwa kipimo cha haraka cha kidole huonekana kwa wengi kuanzia wiki ya 4 hadi ya 6, lakini jibu la kutegemea kabisa ni la miezi 3. Kaswende nayo ihesabie hadi miezi 3, na homa ya ini B pia. Kwa hiyo mpango mzuri ni huu: pima siku ya kwanza ili ujue ulikuwa na hali gani kabla, rudi baada ya wiki 2 hadi 4, kisha malizia miezi 3. Katikati tumia kondomu. Ukiwa na dalili, sahau hesabu hizi zote, nenda siku hiyohiyo.

Kwa asiye na dalili wala tukio la kumtia hofu, mara moja kwa mwaka inatosha kama mna uhusiano wa kudumu lakini hamna uhakika. Kama una wapenzi zaidi ya mmoja, au mwenza wako anao, fanya kila miezi 3 hadi 6. Na kila mara kabla ya kuacha kondomu na mtu mpya, pimeni wote wawili, tena pamoja.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Huhitaji kuanzia hospitali kubwa. Zahanati na vituo vya afya vya serikali hupima VVU bila malipo, na vingi hupima kaswende, hasa kwenye kliniki ya mama na mtoto, ambako siku hizi kuna kipimo kimoja kinachoonyesha VVU na kaswende kwa tone moja la damu. Kwa homa ya ini B, kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kipimo cha vinasaba cha klamidia na kisonono ndicho kigumu kupatikana, nacho mara nyingi kipo hospitali za rufaa na maabara binafsi za mijini, na kina gharama. Piga simu kwanza uulize kama wanacho na ni bei gani.

Kabla ya kwenda, usimeze antibayotiki ya kujinunulia. Inaweza kuficha vijidudu bila kuviua vyote, kipimo kikasema uongo. Wanawake, msijisafishe ndani. Uke hujisafisha wenyewe, na kuingiza ndimu, sabuni, shabu au magadi huchubua ngozi ya ndani na kuwafungulia mlango virusi. Hili nalisema kwa uchungu, maana wengi hufanya hivyo kumridhisha mtu ambaye hata hajui gharama yake.

Mbele ya mhudumu, aibu itakubana koo. Tumia sentensi fupi uliyoiandaa nyumbani: "Nimekuja kupima magonjwa ya zinaa." Hapo tayari umemaliza kazi ngumu. Atakuuliza lini ulifanya tendo mara ya mwisho, ulitumia kondomu au la, na una wenza wangapi. Kama mlifanya kwa mdomo au njia ya haja kubwa, sema, kwa kuwa mkojo hauwezi kuonyesha kisonono cha kooni. Mwambie pia kama una mimba, kama una mzio wa penisilini, na dawa zote ulizotumia. Mhudumu akikuhukumu au akapaza sauti, una haki ya kuomba mwingine au kuondoka uende kituo kingine. Tanzania ina sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008, Kenya ina ya 2006, na zote zinalinda siri ya majibu yako.

Sasa habari ya kikopo cha mkojo, jambo dogo linaloharibu majibu mengi. Kwa kipimo cha UTI, unaacha mkojo wa mwanzo upite, unakinga wa katikati. Kwa klamidia na kisonono ni kinyume: unakinga ule wa mwanzo kabisa, mililita chache tu, na uwe hujakojoa kwa angalau saa 1, ikiwezekana 2. Ule wa mwanzo ndio unaosomba vijidudu vilivyo kwenye mrija. Kikopo ni kilekile, kwa hiyo muulize mtu wa maabara anataka mkojo upi. Kwa wanawake, kijiti cha pamba kinachopitishwa ukeni ni bora kuliko mkojo, na vituo vingine hukuruhusu ukipitishe mwenyewe faraghani.

Inawezekana usipimwe maabara kabisa. Mahali pengi mhudumu hutibu kwa kundi la dalili: mwanamume mwenye usaha hupewa dawa za kisonono na klamidia kwa pamoja, mwenye kidonda hupewa za kaswende na nyinginezo. Usidhani umepuuzwa. Njia hii imeokoa watu wengi kwa sababu mgonjwa anaondoka na dawa siku ileile. Kasoro yake ni ileile tuliyoanza nayo: asiye na dalili hapati kitu.

Kipimo cha VVU cha kujipima nyumbani kiliruhusiwa kisheria Tanzania mwaka 2019, kwa wenye miaka 18 na zaidi. Mabadiliko yaleyale yalishusha umri wa kupima kituoni bila idhini ya mzazi hadi miaka 15. Kile cha kupangusa ufizi, usile wala kunywa kwa dakika 15 kabla, pangusa ufizi wa juu mara moja na wa chini mara moja, weka kwenye kichupa, soma baada ya dakika 20 na isizidi 40. Mstari mmoja kwenye herufi C ni hasi. Mistari miwili, hata wa pili ukiwa hafifu, maana yake nenda kituoni kuthibitisha. Pasipo mstari kwenye C, kipimo kimeharibika. Na mtu ambaye tayari anatumia ARV asikitumie kujiangalia kama "amepona", kwa sababu dawa zinaweza kukifanya kitoe jibu hasi la uongo.

Hatua ya 5: Kulielewa jibu

VVU havithibitishwi kwa kipimo kimoja. Chanya ya kwanza hufuatwa na vipimo vingine. Ikithibitika, dawa huanza mara moja, bure, na mtu anayemeza vizuri mpaka wingi wa virusi ukawa hauonekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Hili limethibitishwa kwa tafiti za maelfu ya wapenzi, na nalisisitiza kwa sababu bado kuna wanandoa wanaoachana kwa hofu isiyo na msingi.

Kaswende ina utata wake. Kipimo cha haraka hutafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza, na kinga hiyo hubaki karibu maisha yote. Mtu aliyetibiwa akapona miaka 5 iliyopita atasomeka chanya leo. Kabla ya kurushiana maneno nyumbani, ombeni kipimo kingine cha damu kinachotoa namba, RPR au VDRL. Namba ikishuka baada ya tiba, dawa imefanya kazi; ikipanda tena, kuna maambukizi mapya. Tunza cheti cha tiba yako pamoja na kadi ya kliniki.

Tena, jibu halisemi nani alileta na lini. Klamidia inaweza kukaa miezi na miezi, virusi vya papiloma na malengelenge miaka. Nimeona ndoa ikivunjika kwenye benchi la kusubiria kwa ugonjwa ambao huenda mmoja wao alikuja nao kabla hawajajuana.

Hatua ya 6: Tiba, na mwenza

Kaswende ya mapema hutibiwa kwa dozi moja ya sindano ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, makalioni. Inauma. Ya muda mrefu au isiyojulikana ilianza lini huhitaji sindano 3, moja kila wiki. Saa chache baada ya sindano ya kwanza unaweza kupata homa na maumivu ya mwili. Hiyo ni athari ya vijidudu kufa, inaisha ndani ya siku moja, na si sababu ya kukataa zinazofuata.

Kisonono kimekuwa sugu kwa dawa nyingi. Siprofloksasini, ambayo bado watu wanainunua dukani kwa kuamini ndiyo dawa ya gono, haitegemewi tena. Tiba yake leo ni sindano ya seftriaksoni kituoni. Nusu dozi ya duka la dawa huua vijidudu dhaifu na kuacha vile vigumu, na hivyo ndivyo usugu unavyokuzwa.

Kisha mwenza. Ukitibiwa peke yako mtaendelea kurudishiana kama mpira. Kituo kitakupa kikaratasi cha kumwita. Kama huwezi kumpa mkononi, omba mhudumu ampigie bila kukutaja. Ukisema mwenyewe, usianze na lawama. "Nimepimwa nikakutwa na kitu kinachotibika, na wewe unaweza kuwa nacho bila kujua, twende pamoja Jumanne." Kama unaogopa kupigwa, mwambie nesi kwanza, tutafute njia nyingine. Wote wawili mkae bila tendo kwa siku 7 tangu mmalize dawa. Rudi kupimwa klamidia na kisonono baada ya miezi 3, kwani kuambukizwa upya ni kawaida sana. Usirudi mapema kwa kipimo cha vinasaba, kabla ya wiki 3 au 4, kinaweza kuokota mabaki ya vijidudu vilivyokufa.

Kwamba kutibu magonjwa haya kunapunguza hata VVU, Mwanza ndiyo iliyouonyesha ulimwengu. Kati ya mwaka 1991 na 1994, jamii 12 za vijijini mkoani humo ziliwekwa katika jozi. Nusu yake vituo vyao viliboreshewa huduma za magonjwa ya zinaa: mafunzo kwa wahudumu, dawa zisizokatika, usimamizi. Baada ya miaka 2, maambukizi mapya ya VVU kwenye jamii hizo yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Ulikuwa utafiti wa zahanati za kawaida, na wahudumu wa kawaida wenye dawa sahihi kabatini.

Hatua ya 7: Kinga

Anza na chanjo, kwa kuwa zinafanya kazi hata pale nidhamu inapotushinda. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima Tanzania mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wenye miaka 9 hadi 14. Kenya ilianza 2019. Uvumi kwamba inafunga kizazi hauna ukweli, inalinda kizazi. Homa ya ini B, watoto huchanjwa wakiwa wachanga, lakini sisi tuliozaliwa kabla ya miaka ya 2000 wengi hatukuipata. Pima, na ukiwa hasi chanja dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Wanawake kuanzia miaka 30, na mapema zaidi kwa wenye VVU, wakachunguzwe mlango wa kizazi. Mhudumu hupaka asidi hafifu kama siki na kuangalia. Ni dakika chache, na mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani.

Kondomu nayo ina ufundi wake. Angalia tarehe na bonyeza pakiti usikie hewa. Chana kwa vidole, kamwe si kwa meno. Bana chuchu yake hewa itoke, kunjua mpaka shinani uume ukiwa umesimama, kabla ya mguso wowote. Ukihitaji kilainishi tumia cha maji. Mafuta ya nazi, ya kupikia au ya mgando hula mpira ukapasuka. Mbili kwa pamoja husuguana zikachanika. Ukimaliza, shika shinani na utoke kabla uume haujalegea. Usiihifadhi kwenye pochi ya mfuko wa nyuma wala ndani ya gari juani. Kondomu ya kike ipo pia, na mwanamke anaweza kuivaa mapema bila kumsubiri mwanamume.

Tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60, kama tafiti za Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda zilivyoonyesha. Haizuii kisonono. Vidonge vya PrEP, humezwa na asiye na VVU aliye kwenye hatari, huzuia VVU vizuri vikimezwa ipasavyo, lakini kwa kaswende na wenzake havina kazi.

Saa 72

Kondomu ikipasuka na hujui hali ya mwenzako, au ukibakwa, saa zinahesabika. Dawa za PEP za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, bora zaidi ndani ya saa chache, na humezwa siku 28. Kwa aliyebakwa kuna pia dawa za kuzuia magonjwa mengine ya zinaa, chanjo ya homa ya ini B, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Usioge wala kufua nguo kama unaweza kuvumilia, ili ushahidi ubaki. Fomu ya polisi, PF3 Tanzania au P3 Kenya, ni muhimu kwa kesi, lakini ikiwa kituo cha polisi kiko mbali na saa zinakwisha, ingia hospitali kwanza. Kwenye vituo vya Mkono kwa Mkono utakuta matibabu, polisi na ushauri mahali pamoja.

Ukiwa mjamzito

Utafiti mwingine wa Mwanza, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta kwamba kati ya wajawazito wenye kaswende kali waliokuwa hawajapimwa, mmoja kati ya wanne alizaa mtoto mfu. Dozi moja ya penisilini kwa wakati ilirudisha hatari hiyo karibu na ile ya mama asiye na ugonjwa. Kwa hiyo nenda kliniki mapema, mara tu unapojua una mimba, na mlete mwenzako apimwe siku hiyohiyo. Penisilini inahitaji angalau siku 30 kabla ya kujifungua ili imlinde mtoto vizuri, na dawa za mbadala hazimfikii kama inavyotakiwa. Miezi mitatu ya mwisho omba kupimwa tena VVU na kaswende, hata kama mara ya kwanza ulikuwa hasi. Na ukiulizwa kama umeshapata majibu ya hudhurio la kwanza na hukupewa, usitoke chumbani mpaka yaandikwe kwenye kadi yako.